Sanduku la Mwalimu: Go, went, gone na ugomvi wetu na “-me-”

Mwezi huu barua karibu zote zimeangukia pale pale: vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilika bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa wanaofungua ukurasa huu mara ya kwanza, mimi nilifundisha Kiingereza katika sekondari za mkoa wa Tanga kuanzia mwaka 1981 hadi nilipostaafu. Sasa namfundisha mjukuu, na yeyote anayepita barazani kwangu akiwa na daftari. Vitenzi hivi vitabuni huitwa visivyofuata kanuni. Mimi naviita vikaidi, ni jina fupi na linavifaa.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili, Singida. Tumepewa orodha ya vitenzi 120, safu tatu tatu kama go, went, gone, tuvikariri hadi Jumatatu. Nimekwama kwenye herufi D. Nikifika E nimeshasahau B. Kwa nini Waingereza hawakuweka -ed kila mahali wakamaliza? – Mwanafunzi, Singida*

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali la mwisho, maana mwaka 1984 niliulizwa hivyo hivyo na kijana mmoja aliyekuwa na hasira kama zako, na siku ile sikuwa na jibu.

Jibu liko mdomoni mwako mwenyewe. Unasema ninasoma, nimesoma, sijasoma. Kwa kanuni hiyo ungepaswa kusema ninala, nimela, sijala. Lakini husemi hivyo. Unasema ninakula na nimekula, kisha ukikanusha unasema sijala, ile “ku” imeshakimbia, na ukiniuliza imekwenda wapi nitakutolea macho tu. Ukimwita mdogo wako humwambii “ja!”, unamwambia “njoo!” Unasema “lete maji”, si “leta maji”. Mgeni anayejifunza Kiswahili analia hapo hapo unapolia wewe.

Sasa tazama ni vitenzi gani vinavyotuletea vituko: kula, kunywa, kuja, kwenda, kuwa, kufa. Ni maneno ya kila siku, tangu mtu anaamka. Hutakuta kituko katika “kufidia” wala “kukokotoa”. Kiingereza kiko hivyo hivyo. Be, have, do, go, say, see, take, get, vyote ni vikaidi, na vyote vimo katika vitenzi vinavyotumika kuliko vingine vyote katika lugha ile. Neno linalosemwa mara mia kwa siku mtoto hulisikia lilivyo kabla hajajua kwamba kuna kanuni, akalishika, naye akaja kumrithisha mwanawe. Neno la nadra watu husahau lilivyokuwa, na wakisahau wanabandika -ed.

Hili limepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walivifuatilia vitenzi vikaidi 177 vya Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vilivyobaki vikaidi hadi leo ni 98. Vingine vimenyooka, mathalani help, ambayo zamani ilikuwa holp na holpen, leo ni helped basi. Wakakuta pia kwamba kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu ya kingine hunyooka haraka mara 10 kuliko hicho kingine. Kwa hiyo orodha yako ya 120, mwanangu, ni mabaki ya vita. Na haiongezeki sana, kwa sababu vitenzi vipya karibu vyote huingia na -ed: to text, texted.

Kuhusu go na went, usitafute udugu baina yao, haupo. Go ilikuwa na umbo lake la zamani la wakati uliopita, likafa, ikaazima went kwa kitenzi kingine, wend, chenye maana ya kushika njia. Aliyeazima kanzu hakuirudisha. Siku hizi mwenye kanzu, wend, anajifunika wended, na ni wachache wanaomkumbuka.

Tuje kwenye Jumatatu yako. Orodha iliyopangwa kwa alfabeti ndiyo mbaya kuliko zote kwa kukariri, kwa sababu inamweka begin kando ya bite na blow, watu watatu wasiojuana. Hili sikufundishwa chuoni. Miaka ile ya themanini hata karatasi ilikuwa ya kutafuta. Nilikuwa na wanafunzi 46 na kamusi moja, na siku moja nikaikuta kurasa zake za mwisho, zile za vitenzi, zimechanwa. Aliyezichana sikumpata. Nilimshuku mmoja ambaye sasa ni wakili, na kila tukionana hunilipia soda bila kusema ni ya nini. Basi ikabidi darasa zima tuijenge orodha upya kutoka vichwani. Nikagundua kwamba watoto hawakumbuki kwa herufi, wanakumbuka kwa sauti. Mmoja akisema “sing, sang, sung”, mwingine nyuma anadakia “ring, rang, rung!”, wa dirishani anamalizia “drink, drank, drunk!” Tulipotoka kulima shamba la shule wakawa wanaviimba kwa mapigo ya jembe. Orodha ile ikawa bora kuliko iliyochanwa.

Kwa hiyo chukua daftari, uzipange familia. Kuna ukoo wa i, a, u: sing, ring, drink, swim, begin, sink. Macho yako yawe makini hapo, kwa sababu kwa masikio yetu sang na sung ni kitu kimoja, ndiyo maana hata watu wazima wanaziandika kinyume. Kuna jamaa wa -ought na -aught, tahajia mbili sauti moja: buy, bring, think, fight, seek, kisha teach na catch. Bring inakutega, inafanana na ring lakini haimo katika ukoo wake. Kuna wanaopenda mkia wa n katika safu ya tatu: broken, spoken, stolen, chosen, written, driven, taken, given, eaten, fallen. Kuna know, grow, throw, blow na fly, wote wanapitia -ew kwenda -own. Kuna wanaofupisha irabu na kufunga kwa t: sleep, slept, keep, kept, feel, felt, leave, left. Na kuna wavivu nilionao urafiki, cut, put, shut, hit, hurt, cost, let, ambao hawabadiliki kabisa. Watazame mwishoni: wote wana t tayari, hawaoni haja ya kuongezwa mkia. Katika hao mtie na read, ila huyu anaandikwa vile vile na kutamkwa kama rangi nyekundu.

Ukishazipanga, usikariri zaidi ya familia moja kwa siku. Hutamaliza 120 ifikapo Jumatatu. Utamaliza labda 50, ila hizo 50 utazeeka nazo.

Halafu kuna jambo ambalo orodha haitakwambia, nami nililiona katika insha maelfu. Kiswahili kina “-ka-”. Unasema: nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani, nikapika. Wakati uliopita umeutaja mara moja mwanzoni, hao wengine wanaburuzwa na “-ka-”. Mwanafunzi akihamia Kiingereza anaandika: I went to the market, buy fish, return home and cook. Kiingereza hakina “-ka-”. Kila kitenzi kijibebee mzigo wake: went, bought, returned, cooked. Ukikagua insha yako kabla ya kuikabidhi, usikague kingine, kagua hilo tu.

*Mwalimu, niko mapokezi katika hoteli ndogo Arusha. Lifti iliharibika nikabandika karatasi mlangoni: THE LIFT IS BROKE. Mgeni mmoja akaipiga picha, akaniambia huku akicheka, “So am I.” Sikuelewa. Jioni nikamwambia mwingine “Your driver has came”, na mama mmoja aliyeulizia mumewe nikamjibu “He has slept”. Wote walinielewa, ila naona kuna kitu usoni mwao. Meneja anasema nikasome grama. Nianzie wapi? – Mpokeaji wageni, Arusha*

Anzia kwenye karatasi ile ya lifti. Tena kama bado unayo, iweke, nitaitumia darasani.

Broke ni safu ya pili: somebody broke the lift, mtu fulani aliivunja. Wewe ulitaka safu ya tatu, is broken. Neno broke likisimama baada ya is huwa lina maana nyingine, ya mtaani: hana hela, kafulia. Uliandika kwamba lifti imefulia, na mgeni wako akaungama kwamba hata yeye.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu hivi. Safu ya pili ni mtu mzima, hutoka peke yake: he came, she broke it, they went. Safu ya tatu ni mwari, hatoki bila somo wake, yule kungwi anayemsindikiza. Somo ni have, has, had, au is, was, been na ndugu zao. Ukimwona mwari barabarani peke yake, “I seen him”, “he gone”, ujue nyumbani kuna tatizo. Na ukimwona mtu mzima anasindikizwa na somo, “has came”, “have went”, hapo pia kuna tatizo. Driver wako has come. Come ina umbo moja katika safu ya kwanza na ya tatu, na ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu wanaona aibu kurudi walikoanzia. Run nayo ni hivyo: run, ran, run.

Kuna na somo wa tatu, did, na huyu ana wivu. Akiwepo yeye, kitenzi kinarudi safu ya kwanza. Ni “I didn’t go”, si “I didn’t went”. Hapa Kiswahili kinakusaidia, tazama: nilienda, sikuenda. Ukikanusha “-li-” inaondoka, “-ku-” inabeba wakati uliopita peke yake. Didn’t ndiyo “siku-” yao. Hakuna anayesema “sikulienda”.

Sasa “he has slept”. Kosa hili si la kitenzi kikaidi, slept umeipata sawasawa. Kosa ni la “-me-” yetu, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote, maana limeponza watu wenye digrii.

Tumefundishwa kwamba “-me-” ni have. Mara nyingine ni kweli: amevunja kikombe, he has broken a cup. Lakini “-me-” yetu ina kazi mbili. Kazi ya pili ni kueleza hali mtu aliyomo sasa. Amelala: ukienda utamkuta kitandani. Amekaa, amesimama, amevaa kanzu, amechoka, amechelewa, ameshiba. Mwingereza hapo hatumii have, anasema hali yenyewe: he is asleep, he is sitting, she is wearing a kanzu, I am tired, you are late. “He has slept” kwake ni mtu aliyekwisha kulala akaamka. Yule mama alisubiri mumewe ashuke, sivyo? Dawa yake ni kujiuliza: ninachosema ni tendo lililokwisha, au ni hali ninayoiona sasa hivi? Kama ni hali, have kaa pembeni.

Mtego mwingine wa “-me-” ni tarehe. Sisi tunasema bila wasiwasi “nimemwona jana”, “amefika juzi”. Kiingereza hakitaki. Ukitaja wakati uliokwisha, jana, juzi, mwaka 2019, asubuhi na sasa ni usiku, have inafukuzwa na safu ya pili inaingia: I saw him yesterday. Vijana wananiletea barua za maombi ya kazi niwakagulie, na kumi zikija, nyingi zina sentensi ile ile, “I have completed Form Four in 2019”, na juu yake “I have been born in Moshi”. Completed, basi. Was born, basi. Umeshazaliwa, mwanangu, halina haja ya have.

Kinyume chake ni pale jambo lilipoanza zamani na bado lipo. Wewe unasema “nafanya kazi hapa tangu 2020”, ukatafsiri “I work here since 2020”. Hapo ndipo have inahitajika: I have worked here since 2020. Tangu, since, kwa muda wa, for. Zikiwepo hizo na kazi bado unayo, weka have.

La mwisho, kwa kazi yako hasa. Meneja akiwa ametoka, usimwambie mgeni “he has been to Moshi”. Been ni aliyekwenda akarudi. Gone ni aliyekwenda na bado yuko huko. Mgeni anayesikia been atakaa kwenye kochi kumsubiri.

Ukitaka kuzoea, tumia “-ja-” yetu, ni hazina. Sijala, I haven’t eaten yet. Hajafika, he hasn’t arrived yet. Sijawahi kupanda Kilimanjaro, I have never climbed Kilimanjaro. Mara nyingi penye “-ja-” ya tendo, Kiingereza cha Uingereza kina have. Na “-mesha-” ni already: ameshaondoka, he has already left. Kila usiku andika sentensi tano, mbili za ulichofanya leo zikiwa na saa, mbili za ambacho hujafanya bado, moja ya ambacho hujawahi katika maisha yako. Hiyo ya tano ndiyo wanafunzi wangu walikuwa wakiipenda.

*Bi. Mwalimu, salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Kaka yangu amekuja harusini kutoka Minnesota, kila saa “I’ve gotten”, “did you eat yet?” Nilipomsahihisha mbele ya watu akanuna, akasema mimi Kiingereza changu ni cha mkoloni. Nani ana haki? – Dada mtu*

Nyote wawili, lakini wewe umekosa adabu kumsahihisha mgeni harusini.

Gotten ni neno la kale la Waingereza wenyewe. Walivuka nalo bahari kwenda Marekani, kisha waliobaki nyumbani wakaliacha wakabaki na got. Kwa hiyo mwenye cha kale hapo ni kakako. Marekani wanatofautisha: I’ve got a car, ninalo gari, I’ve gotten a car, nimepata gari. Na “did you eat yet?” ni kawaida kwao, hutumia wakati uliopita wa kawaida pale ambapo shule zetu, zilizofuata Uingereza, zinadai have you eaten. Mtoto wako akiwa na mtihani wa Kenya aandike got na have you eaten. Kakako akiwa Minneapolis aseme atakavyo. Mpelekee biriani yaishe.

*Mwalimu, mimi ni muuguzi Dodoma. Kwenye ripoti ya usiku nimeandika “Patient was laying on the floor”. Daktari kaizungushia wino mwekundu bila maelezo.*

Lay ni kulaza kitu, ina mtendwa: lay, laid, laid. Lie ni kulala chali au kifudifudi, haina mtendwa: lie, lay, lain. Ubaya ni kwamba safu ya pili ya lie ndiyo safu ya kwanza ya lay, na hapo hata Waingereza wenyewe wanakosea kila siku. Alipaswa kuwa lying. Kwa jinsi ulivyoandika, mgonjwa alikuwa akitaga. Ukisema uongo ni lie, lied, lied, huyo hana shida. Na ungekuwa umeandika kuhusu maiti aliyejinyonga, Mungu apishie mbali, ni hanged. Hung ni ya nguo na picha.

*Mwalimu, nasoma Biblia ya Kiingereza ya zamani, ile ya 1611. Nakuta spake, digged, holpen. Hawa walijua Kiingereza kweli? – Msomaji wa kanisani, Iringa*

Walijua cha wakati wao. Spake imekuwa spoke. Holpen nimekwisha kuitaja, ukiitafuta imo katika wimbo wa Mariamu, Luka sura ya kwanza. Digged ndiyo inayonifurahisha. Wote wanadhani vikaidi hunyooka tu kadiri miaka inavyopita, lakini dig ilianza ikiwa imenyooka, watumishi wa Isaka wakachimba visima kwa digged, baadaye ikaharibiwa na marafiki wabaya, stick, stuck, na kadhalika, ikawa dug. Usomapo kanisani soma kama ilivyoandikwa. Ukiandika barua, dug.

*Asalaam alaykum Mwalimu. Tunaishi Reading, Uingereza. Binti yetu ana miaka minne, amezaliwa hapa. Mwaka jana alikuwa anasema vizuri “I went”, “I broke it”. Sasa ghafla anasema “I goed”, “I breaked it”, “she bringed”. Mume wangu anasema ni Kiswahili cha nyumbani kinamchanganya, tukiache mpaka aanze shule. Naogopa. Mama yangu yuko Pemba, hajui Kiingereza. Mtoto ataongea naye nini? – Mama, Reading*

Waalaykum salaam, mwanangu. Usikiache hata siku moja.

Watoto wa Kiingereza ambao hawajawahi kusikia neno la Kiswahili wanasema goed na breaked, tena katika umri huo huo, na kwa mpangilio huo huo uliouona wewe. Wataalamu wa lugha ya watoto wanalijua jambo hili kwa miaka mingi. Kwanza mtoto anakariri went kama anavyokariri jina la paka. Kisha siku moja akili yake inang’amua, bila kuambiwa na mtu, kwamba jambo likipita linawekewa -ed. Basi anafurahia ugunduzi wake na kuubandika kila mahali, hata pasipotakiwa. Ukisikia goed, ujue mwanao amegundua kanuni. Hajarudi nyuma, amepiga hatua. Ile went itarejea yenyewe, kwa kusikia.

Mjukuu wangu alifanya hivyo hivyo kwa Kiswahili, na hana Kiingereza zaidi ya “bye-bye”. Alikuwa anasema “njoo” kama kawaida, halafu alipotimiza miaka mitatu akaanza kuniita barazani, “Bibi, kuja! Kuja!” Nikawa namjibu tu, “Bibi anakuja, njoo tukutane hapa.” Sikumwambia amekosea. Nawe fanya hivyo. Akikwambia “Mummy, I breaked it”, mjibu, “Oh, you broke it? Show me.” Asikie umbo sahihi akiwa na hamu ya kukuonyesha kikombe, si akiwa ananyoshewa kidole.

Kisha mwambie mumeo asikilize vizuri. Je, binti anasema “I have goed” anapoongea Kiswahili? Hasemi. Anajua zipi ni za nani. Aliyechanganyikiwa hapo nyumbani ni mmoja tu na ana ndevu. Msalimie mama yako Pemba.

Na nisimwache msomaji mwingine bila kufurahishwa: mji wenu unaandikwa Reading na kutamkwa “Reding”. Read, read, read, hata kwenye ramani haiachi ukorofi wake.

*Kwako Mwalimu. Mimi ni karani mstaafu, Tabora. Toleo lililopita, katika jibu lako kuhusu dawa za kikohozi kwa Kiingereza, umeandika: “I have drank the medicine.” Nimeikata na gundi, nimeibandika kwenye daftari. Nasubiri maelezo.*

Maelezo hayapo. Ni drunk. I have drunk the medicine. Nilijua ni drunk, nimeifundisha kwa miaka zaidi ya thelathini, nimeiimba shambani na jembe mkononi, na bado mkono ukaandika drank. Nikitafuta kisingizio nitakiona, kwamba drunk inanuka pombe, na bibi mwenye baibui hapendi kuandika I have drunk mahali ambapo majirani watasoma. Hata Waingereza wengine huikwepa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wewe ni karani na hutakubali.

Mwaka wangu wa tatu kazini alikuja mkaguzi, akakaa nyuma ya darasa na kitabu chake. Nikataka kumtambulisha kwa wanafunzi kwamba aliwahi kunifundisha chuoni, nikasema kwa sauti ya kujiamini, “He teached me.” Wanafunzi 46 wakanyamaza. Mkaguzi akaandika kitu. Mwishoni akaniita pembeni, akanionyesha alichoandika: “Inaonekana sikumfundisha vya kutosha.”

Basi wewe ni mtu wa pili. I have been caught. Na kwa kuwa umeshanikamata, chukua na hii uibandike kwenye daftari lako: catch si neno la asili ya Kiingereza, limetoka kwa Wafaransa, na lilipoingia lingepaswa kuwa catched, na kuna walioandika hivyo kweli. Likaiga latch, ambayo zamani ilikuwa laught. Leo latch imenyooka, inasema latched. Caught imebaki na ukaidi wa kuigiza.